Kontroli boksi ya gari la zamani: kubadilisha au kupima kwanza?

Gari la zamani la EFI (ambalo mafuta yake hupulizwa kwa kuongozwa na kompyuta) likigoma kuwaka hapa Tanga, plagi zikawa nzima na pampu ya mafuta inasikika, hukumu haichelewi: kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Baada ya hapo mafundi wa Ngamiani hugawanyika. Wapo watakaokwambia agiza boksi la mtumba kutoka Dar es Salaam, lifungwe leo kesho gari liwe barabarani. Wapo watakaokwambia boksi lisiguswe mpaka nyaya zimepimwa moja moja, hata zikipita siku tatu. Naegemea hawa wa pili. Ila wale wa kwanza nao wana hoja nzito, na anayewabeza pengine hajawahi kuwa na gari linalolisha watu.

Chukua Noah ya abiria ya Muheza. Kila siku inayolala gereji, dereva hana hesabu ya kumpelekea bosi na nyumbani hakuna kinachoingia. Fundi anayeweza kufungua boksi na kusoma bodi yake ya saketi hapatikani kila mtaa. Kuchomeka boksi jingine, kwa upande mwingine, mara nyingi hakuzidi soketi chache na boliti mbili tatu. Tena boksi hufa kweli, hilo tusibishane. Mwaka 2010 Toyota iliita zirudishwe kurekebishwa Corolla na Matrix za 2005 hadi 2008 zaidi ya milioni 1 huko Marekani na Kanada, kwa sababu lehemu kwenye bodi ya kompyuta ya injini, au kijenzi kimoja cha kudhibiti volti, kiliweza kupata ufa na gari likazima au likakataa kuwaka. Kama hilo lilizipata gari changa kiasi hicho, Carina iliyopikwa na joto miaka 25 haina kinga.

Tatizo langu na hukumu ya haraka ni kwamba boksi lisilo na kasoro linaweza kuonekana limekufa kabisa. Kwenye Toyota nyingi, kompyuta hutoa volti 5 kwa ajili ya sensa (vihisio vya injini), zikiwemo ile ya throto, yaani mlango wa hewa ya injini, na ile ya mgandamizo wa hewa. Waya wa volti hizo ukichunika na kugusa bodi ya gari, au sensa moja ikipiga shoti kwa ndani, volti 5 huanguka na kompyuta nayo huzimia. Ukifungua swichi, taa ya cheki injini haiwaki. Mashine ya kupimia ikichomekwa haipati jibu. Nani hapo asiseme boksi limekwisha? Kumbe fundi mwenye multimita ya kawaida (mita ya kupimia umeme) angeweka ncha moja kwenye pini ya VC, inayotoa hizo volti 5, na nyingine kwenye E2, ambayo ni hasi ya sensa, aone sifuri, kisha aanze kuchomoa soketi za sensa moja baada ya nyingine huku macho yake yakiwa kwenye mita. Volti zikiruka kurudi 5, soketi aliyoishika ndiyo yenye mgonjwa. Na akimaliza zote bado sifuri, hapo ndipo anafuata waya wenyewe, halafu boksi.

Kipimo hicho hakimalizi robo saa. Kabla yake kuna kingine chepesi zaidi: je, volti 12 zinafika kwenye boksi, na nyaya zake za hasi zimekaza kwenye chuma kisafi? Mji wetu uko baharini. Hewa ya chumvi hula boliti za hasi polepole, na kwa nje waya unaonekana mzima.

Hata boksi likithibitika limeungua, bado lipo swali ambalo mwenye gari haulizi kwa kuwa ameshachoka: limeunguzwa na nini? Mitsubishi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zinajulikana kwa hili. Koili za mota ya silensa (inayorekebisha mzunguko wa injini ikiwa haijakanyagwa mafuta) zikipiga shoti, huunguza vijenzi vya ndani ya boksi vinavyoiendesha. Ukifunga boksi jingine na kuiacha mota ileile, umelipa ili uunguze la pili. Mtu aliyechomelea bodi ya gari bila kuchomoa betri naye anaweza kuwa chanzo, sawa na aliyebusti betri akageuza nyaya. Na msimu wa masika usisahaulike. Gari nyingi boksi limewekwa nyuma ya dashibodi upande wa abiria, au chini karibu na miguu yake. Bomba la maji ya kiyoyozi likiziba, au mpira wa kioo cha mbele ukivuja, maji hushukia hapohapo. Inua zulia uliguse. Likiwa bichi, anza na uvujaji.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya umri, na kwenye mabishano ya gereji siisikii. Boksi la mtumba la Corolla ya 1994 limezeeka kama lako. Ndani yake mna kapasita (vijenzi vidogo vya kutunza chaji ya umeme) za aina ileile, zenye majimaji ambayo kwa miaka hukauka au huvuja. Zikivuja, utajua kabla hujaziona: ukifungua kifuniko unapata harufu ya samaki, na chini ya kapasita njia za shaba zimegeuka kijani. Kama njia hazijakatika, fundi wa redio na televisheni mwenye mkono mtulivu anaweza kusafisha ule uchafu na kulehemu kapasita mpya, ambazo ni vitu vya bei ndogo. Boksi lako lililotengenezwa hivyo linaweza kudumu kuliko la mtumba ambalo hakuna aliyelifungua.

Njia zikiwa zimeliwa kabisa, au chipu yenyewe imekufa, sitamshauri mtu ang'ang'anie. Hapo anunue, ila asinunue kwa kufananisha umbo. Namba ya Toyota inayoanzia 89661 ilingane yote, maana mara nyingi gia za otomatiki nazo huongozwa na boksi hilohilo. La gari la manyuo linaweza kuingia vizuri kwenye soketi na gia zisibadilike. Gari likiwa na imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua ufunguo), kama Toyota nyingi za miaka ya 2000, boksi lije na ufunguo lililozoeana nao, au lipangwe upya. Bila hivyo gari haliwaki na fundi atarudi kulaumu boksi.

Kuna na suala la fedha. Maduka mengi ya spea yana sheria moja: vitu vya umeme havirudishwi. Muuzaji ana haki yake, kwa sababu boksi lisilo na kasoro linaweza kuunguzwa na gari lenye shoti ndani ya sekunde moja, kisha likarudishwa kwake. Lakini sheria hiyo inamtwisha mnunuzi gharama yote ya kubahatisha. Ndiyo maana napendelea ufundi wa kupima ulipwe peke yake, hata kama mwisho wake hakuna spea iliyonunuliwa. Fundi ambaye kula yake ipo kwenye kufunga tu atafunga. Mpe ujira wa kupima, mwambie akuoneshe volti kwenye mita mbele yako, ndipo mpige simu Dar es Salaam.