Mashine za kuvuna miti: zinalipa wapi, zinaharibu wapi

Wanaotetea mashine za kuvuna miti hutanguliza kasi. Ni kweli zina kasi, ila kasi hiyo ina masharti. Mashine hutumia karibu muda ule ule kwa mti mwembamba na mnene, kwa hiyo kinachoamua pato ni ujazo wa kila mti. Tuchukulie mti wa mita za ujazo 0.1 unamalizwa kwa sekunde 40: kwa saa moja ya kazi mfululizo ni miti 90, sawa na mita za ujazo 9. Mti wa mita za ujazo 0.5 ukichukua sekunde 55, pato linapita mita za ujazo 32. Dizeli, opereta na mkopo wa mashine ni vile vile. Ndiyo maana upunguzaji wa kwanza wa shamba changa, yaani kuondoa baadhi ya miti ili iliyobaki inenepe, huwatia wakandarasi wengi hasara, huku uvunaji wa mwisho ukiwalipa.

Siri yote iko kwenye kichwa kinachoning'inia mwishoni mwa mkono wenye urefu wa mita kama 10. Kichwa hushika shina karibu na ardhi, visu na rola zenye meno hulibana, kisha msumeno hutoka pembeni na kukata, mnyororo wake ukikimbia kama mita 40 kwa sekunde. Mti ukishaanguka, rola hulivuta shina kwa mita 4 hadi 5 kwa sekunde kupitia visu vinavyokwangua matawi. Gurudumu dogo lenye meno hupima urefu, uwazi wa visu au rola hupima kipenyo, na kompyuta hupendekeza mahali pa kukata kwa kulinganisha bei na vipimo alivyoagiza mnunuzi. Nyuma ya mashine hufuata gari la kubebea, ambalo huchukua tani 10 hadi 20 za magogo bila kuyaburuta.

Hapo kwenye kupima ndipo fedha hupotea kimyakimya. Gome likiwa limelegea, msimu utomvu unapopanda, gurudumu huteleza. Likijaa gome na utomvu, meno hayashiki. Gogo la mita 4 likitoka na mita 3.94, kiwanda hulikataa au hulishusha daraja, hata kama mbao yake ni safi. Opereta makini husafisha gurudumu, huchagua miti michache bila kupendelea, huipima kwa tepu na kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), kisha hurekebisha kompyuta. Mgandamizo wa visu nao una kiasi chake: ukiwa mdogo shina hulegea na vipimo huyumba, ukizidi, mbao hujeruhiwa na mafuta huliwa bure. Mnyororo butu ni balaa jingine. Ukikata polepole, gogo huanza kuinama kwa uzito wake kabla halijakatika, na ncha hupasuka.

Kwa usalama, mashine inashinda, na sioni hoja nzito ya kuipinga. Mkataji wa msumeno wa mkono husimama chini ya mti unaoanguka. Opereta yuko ndani ya kabini iliyoimarishwa. Hata hivyo hatari haijaisha. Mnyororo ukikatika, kipande chake huweza kuruka kama risasi. Kwa hiyo madirisha ni ya polikaboneti (plastiki ngumu) nene, msumeno hauelekezwi kwenye kabini, na watu wengine hukaa nje ya umbali ulioandikwa kwenye mashine, mara nyingi mita 70 au zaidi. Paipu ya haidroliki inayovuja nayo haipapaswi kwa mkono: mafuta yenye mgandamizo mkubwa hupenya ngozi.

Upande wa udongo, wapinzani wana haki zaidi. Mashine yenyewe huwa na uzito wa tani kama 20, na gari la kubebea likijaa huweza kuzidi hapo. Sehemu kubwa ya kushindiliwa hutokea katika mapito machache ya mwanzo, kwa hiyo kuzungukazunguka ili "kugawanya uzito" huongeza eneo lililoharibika. Bora njia ziwe chache, zimepangwa mapema, kila baada ya mita 20 hivi, na matawi yatandikwe mbele ya matairi. Anayetaka kuyauza matawi hayo kama kuni achague moja: kuni au zulia la njia. Mvua ikizidi, dawa ni kusimamisha kazi, jambo ambalo mkandarasi mwenye marejesho ya benki hulichelewesha.

Kwenye ajira hakuna cha kuficha: opereta mmoja huchukua nafasi ya wakataji kadhaa, na fundi anayeongezeka hafidii idadi hiyo. Lakini kikosi cha misumeno kina ubora ambao hesabu za wauza mashine huuruka. Msumeno mmoja ukiharibika, mingine inaendelea. Paipu moja ikipasuka kwenye mashine, kazi yote inalala. Vishamba vidogo vilivyotawanyika humfanya mwenye mashine alipie lori la kuhamishia mtambo zaidi kuliko anavyopata kwa kuvuna. Miti iliyopinda, yenye panda au matawi manene hukwama kwenye visu.

Wakandarasi wengi wazoefu huchanganya. Mkataji hutangulia kuangusha miti yenye vitako vinene kuliko uwazi wa kichwa na ile ya miteremko ambayo matairi hayashiki, anaondoka eneo la hatari, ndipo mashine inaingia kuondoa matawi, kupima na kukata magogo.