Barabara Haina Kona, Mke Hana Breki

Wenzangu wakipata likizo hulala. Mimi nikipata likizo namkuta Mama Zai ameshajaza buti: madumu ya maji, jiko la gesi, chapati za kulisha kijiji. "Twende tukatembee," anasema. Kutembea kwenyewe, huku Australia tunakoishi, ni kutoka Perth hadi Adelaide, kilomita kama 2,700. Ukitoka Tanga kwa mwendo huo, Zambia unaiacha nyuma na uko Zimbabwe. Hapa unamaliza zote na nchi bado ni ileile.

Halafu tunakwenda kwa nani? Kwa hakuna. Hilo ndilo linalonikera. Sisi watu wa Tanga tunajua safari: basi likisimama Segera dirisha linajaa machungwa, na mwisho wa njia kuna shangazi ameshabandika chai. Huku ukishauacha mji wa Norseman, ni karibu kilomita 190 hadi kituo cha mafuta cha Balladonia, na katikati hakuna hata wa kukuuzia karanga za shilingi mia. Maeneo hayo mwaka 1979 yaliangukiwa na vipande vya Skylab, chombo cha Wamarekani cha angani. Halmashauri ya Esperance ikawatoza NASA faini ya dola 400 kwa kutupa takataka. Hapo niliwavulia kofia.

Baada ya Balladonia barabara inanyooka kilomita 146.6, hadi karibu na kituo cha Caiguna. Haipindi kulia, haipindi kushoto. Usukani unakuwa pambo. Na bado Mama Zai anashika dashibodi: "Baba Zai, taratibu na kona." Kona ipi mama? Kona iko Caiguna!

Salamu nazo! Dereva mnayepishana naye, mara nyingi mzee mstaafu anayevuta karavani yake, anainua kidole kimoja juu ya usukani, basi. Kidole kimoja! Mimi niliyelelewa kwa shikamoo, habari za watoto, na mguu wa mama unaendeleaje? Nikifika kwenye "habari za utokako" mzee wa watu keshapotea kwenye kioo.

Tukiipita Caiguna saa zinavurugika. Kuanzia hapo mpaka mpakani na jimbo la Australia Kusini wana saa yao wenyewe, dakika 45 mbele ya Perth. Serikali haiitambui rasmi, wao wanaitumia hivyohivyo. Simu inasema hivi, saa ya ukutani inasema vile, mimi nauliza Adhuhuri imeingia au bado. Mama Zai akachungulia nje. "Jua halina dakika 45," akasema, akatandika mkeka.

Na watu wa huku hawaogopi umbali hata kidogo. Wametengeneza uwanja wa gofu wa mashimo 18 uliotandazwa kilomita 1,365, kutoka Ceduna hadi Kalgoorlie. Unapiga mpira, unaingia garini, unajaza mafuta, unakwenda kupiga mwingine. Head of Bight ni pa kutazama nyangumi, wanakuja miezi ya baridi. Mama Zai alinipeleka Desemba. Tukatazama maji.

Sasa njoo Ceduna. Pale kuna kizuizi cha ukaguzi, matunda na mboga mbichi za kutoka magharibi hazipiti, kwa sababu ya inzi wa matunda. Sina ugomvi na sheria hiyo, watu wanalinda mashamba yao. Ugomvi wangu ni boksi zima la maembe lililokuwa kiti cha nyuma, na mwenye boksi.

"Tuyatupe," nikamwambia.

"Embe litupwe? Umewahi kuona wapi? Paki gari."

Nikapaki. Jua la utosi, hakuna kivuli, nimesimama mbele ya boneti natafuna embe mtu mzima mimi, kila nikimaliza moja napewa jingine. Inzi wa matunda sikumwona, lakini nzi wengine wote wa Australia walihudhuria, puani, masikioni, wengine wakataka kuingia na embe lenyewe. Akaja na nyanya. Nikala. Akaja na pilipili mbuzi, hapo nikagoma, ndoa nayo ina mipaka yake.

Tukafika kizuizini. Afisa akauliza kwa upole kama tuna matunda. "Hatuna," akajibu Mama Zai, sauti ya mtu asiyedaiwa. Afisa akaniangalia mimi: shati njano, ndevu njano, mikono inanata hadi kwenye viwiko. Hakusema neno. Akafungua buti, akakuta mfuko wa maganda na kokwa, ambazo mama alitaka kwenda kupanda. Akamwonyesha pipa. Alivyouaga ule mfuko, ungedhani anamsindikiza mwanawe anakwenda bwenini.

Kimba tulisimama apige picha na sanamu ya kasuku wa mita 8. Tumbo langu halikuruhusu niteremke. Wakati wa kurudi, magharibi nao wana kizuizi chao Border Village, na chao kinazuia hadi asali. Kopo lake jipya likabaki hapo. Nilifurahi kimyakimya, lile nisingeweza kulinywa.

Juzi kaniletea mpya: Coober Pedy, kilomita 850 hivi kaskazini ya Adelaide, ambako watu wengi wanaishi kwenye nyumba zilizochimbwa chini ya ardhi kukwepa joto. Nikamwambia chini ya ardhi nitakwenda siku yangu ikifika, sina haraka. Akaniambia chumba ameshalipia, na hakirudishiwi pesa.