Kinachoniamsha saa kumi na moja ni kile nisichokiweza

Kila asubuhi kuna mwenzetu kwenye kundi letu la mazoezi hutuma picha ya simba na maneno ya kutia moyo. Simba ni yuleyule, maneno hubadilika. Sina ugomvi naye, ni mtu mwema na mchango wa harusi halipi kwa kusukumwa. Lakini huu ni mwezi wa tisa tangu nianze kujifua kwa ajili ya triathloni, na sijawahi kutoka kitandani kwa sababu ya yule simba. Ninachojua sasa kuhusu morali kinapingana na ushauri ambao karibu kila mtu alinipa: shikilia mchezo unaoupenda, ule unaouweza. Mimi nimeokolewa na ule nisiouweza kabisa.

Kwa ambaye hajakutana nayo, triathloni ni michezo mitatu inayofuatana: unaogelea, unapanda baiskeli, unamalizia kwa kukimbia. Saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu. Iliingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney, na umbali wake huko ni kilomita 1.5 majini, 40 kwa baiskeli na 10 kwa miguu. Mimi nimejipimia nusu ya hapo: mita 750, kilomita 20, kilomita 5. Wala sijajiandikisha shindano lolote. Tuko watano, watumishi wa umma tulioletwa Dodoma na uhamisho, na tumepanga kuifanya wenyewe kwa wenyewe Jumamosi moja kabla mvua hazijaanza.

Nilianza na mbio kwa sababu nakimbia tangu shule ya msingi, na vilima vya Chuo Kikuu nimeshavizoea. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa tamu. Kilomita 5 zilishuka kutoka dakika 36 hadi 31. Kisha zikagoma. Wiki ya kwanza 31, wiki ya pili 31, wiki ya tatu 31 na sekunde arobaini, na hapo nilikuwa nimelala vizuri na kula vizuri. Nikaanza kuivua saa ya mkononi na kuisahau nyumbani, kwa makusudi.

Septemba 2025 nilimtazama Alphonce Simbu, kijana wetu wa Singida, akichukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, ikabidi watenganishwe kwa sekunde 0.03. Shaba yake ya dunia aliipata London mwaka 2017. Miaka minane! Nilishangilia hadi jirani akagonga ukuta. Nilipotulia nikajiambia ukweli: aliyekwisha kuwa mzuri huishi kwa makombo. Anafanya kazi mwaka mzima apunguze kitu kisichoonekana kwa macho. Simbu ana moyo wa kula makombo miaka minane. Mimi, mhasibu wa miaka arobaini na moja mwenye watoto wawili, sina.

Baiskeli nayo ina mambo yake. Kiangazi cha Dodoma kinakuja na upepo wa mashariki usio na adabu, kwa hiyo natoka mapema kwa barabara ya Dar, napita Nzuguni, nageuzia Ihumwa. Kwenda ni kugombana na upepo, kurudi unasukumwa mgongoni hadi unajiona mtu wa maana. Adui wa kweli ni mbigili. Ukishusha tairi pembeni ya lami kumpisha dereva wa lori, umekwisha. Siku moja fundi wangu wa Majengo alizamisha tyubu kwenye karai, mapovu yakatoka sehemu saba. Akanitazama. "Dada, ulikuwa barabarani au ulikuwa unalima?" Viraka saba, nikalipa, nikarudi kwa bodaboda na baiskeli mapajani. Lakini hata siku ile sikufikiria kuacha. Pancha haikukatishi tamaa, inakuudhi tu, na hasira ina nguvu yake.

Sasa maji. Nimezaliwa na kukulia Manyoni. Maji tuliyajua kwenye ndoo. Makorongo yalijaa siku chache za masika, na siku hizo ndizo mama alizotukataza kuyasogelea. Kwa hiyo mara ya kwanza nilipoingia kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini, nilishika ukingo kama abiria wa daladala iliyojaa. Watoto walikuwa wanapita pembeni yangu kama samaki. Mmoja wao, wa miaka kama kumi, alinitazama kwa muda, akaogelea hadi nilipo, akashika ukingo naye.

"Shikamoo anti."

"Marahaba."

"Anti, wewe unabana pumzi. Usibane. Ukiwa chini, puliza. Kama unapoza uji."

Nilikuwa nimeshaangalia video zisizo na idadi za kuogelea. Hakuna iliyonifaa kama ule uji. Anayejifunza hudhani kinachomtesa majini ni kukosa hewa, kumbe ni hewa chafu aliyoing'ang'ania kifuani. Asipoitoa chini ya maji, akiinua kichwa hana nafasi ya kuingiza nyingine, anapapatika, miguu inazama. Nilipuliza uji wangu. Nikaenda mita nne. Nikasimama nikikohoa, na yule mwalimu wangu akapiga makofi.

Mita nne. Juma lililofuata saba. Kisha, asubuhi moja ya Julai ambapo maji yalikuwa ya baridi ya kuuma meno, nikafika ng'ambo bila kusimama. Nililipima bwawa kwa futi kamba ya fundi ujenzi: mita 20. Yaani mita 750 ni kulivuka mara 37 na nusu, na hiyo nusu inanikera mpaka leo, maana nitamalizia katikati ya maji kama mtu aliyesahau alichokuwa anafuata.

Mnaona tofauti lakini? Kwenye mbio nilihangaika miezi niambulie sekunde. Majini, kwa sababu sijui kitu, kila ninachojifunza kinanipa sufuria zima. Wala si suala la mapafu wala misuli, ni ufundi, na ufundi kwa mtu wa mwanzo huja kwa mapande makubwa. Nikilala Ijumaa nawaza mkono wa kushoto unaoingia vibaya, na saa kumi na moja alfajiri naamka kabla ya kengele nikajaribu. Cha ajabu, hata mbio zimepata uhai tena, kwa kuwa siku hizi sizidai kitu. Zimebaki kuwa mahali pa kupumzisha kichwa.

Mwenzangu mmoja kati ya wale watano ana pingamizi: na ukishajua kuogelea je, si utachoka vilevile? Huenda. Lakini bado sijaweza kushuka kwenye baiskeli na kukimbia papo hapo. Miguu inakuwa ya mtu mwingine, nakimbia kama nimevaa gunia. Nina ujinga wa kutosha kunifikisha mwakani.

Mwezi Agosti bwawa lilifungwa wiki tatu bila taarifa. Nilifika na taulo nikakuta kufuli na mlinzi asiyejua lolote. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikajaza beseni la kufulia, nikaliweka uani juu ya kigoda, nikatumbukiza uso. Puliza chini, geuza shingo, vuta, rudi. Kitinda mimba wangu alivuta ndoo akaikalia na kuanza kuhesabu kwa sauti, akikosea baada ya ishirini na tisa kila mara na kuanza upya. Jirani akachungulia juu ya ukuta, yule yule wa Simbu, akauliza kulikoni.

"Mama anapoza uji," mtoto akamjibu.