Kwa nini nilimchukia Skyler

Mara ya kwanza kuitazama Breaking Bad, tamthilia ya Marekani kuhusu mwalimu wa kemia anayegeuka mpishi wa dawa za kulevya, nilimchukia mke wa stelingi. Sikumchukia mpishi wa dawa za kulevya wala wauaji aliokuwa akifanya nao biashara. Nilimchukia mwanamke aliyetaka kujua mumewe alikuwa wapi usiku. Kila Skyler White alipotokea nilishusha pumzi kama mtu aliyezimiwa mpira dakika za mwisho. Walter, mumewe, ameua, ameongopa asubuhi na jioni, na mimi niko kwenye kiti namwombea asikamatwe.

Baadaye nikajua hatukuwa wachache. Mwaka 2013, tamthilia ikielekea ukingoni, Anna Gunn, aliyeigiza nafasi ya Skyler, aliandika katika New York Times kuhusu chuki hiyo. Ilikuwa imeshavuka kutoka kwa mhusika ikamfikia yeye mwenyewe, mwigizaji aliyekuwa akifanya kazi yake.

Tukiulizwa kwa nini tunawapenda mastelingi wachafu, wengi hujibu kwamba wanafanana nasi: si malaika, wana kasoro, wanateleza. Jibu hilo lilikuwa langu pia, mpaka nilipomfikiria Skyler. Naye ana kasoro. Anatoka nje ya ndoa, anashiriki kusafisha fedha haramu. Kama kasoro ndizo zinazotuvuta, mbona zake hazikumfaa kitu?

Naona siri iko mahali tulipokalishwa. Tulikuwa na Walter alipoambiwa ana saratani ya mapafu. Tulikuwa naye alipokuwa akiosha magari baada ya kufundisha kemia, mpaka mwanafunzi wake akamkuta ameinama kwenye tairi la gari lake. Ukishamwona mtu akidhalilika hivyo, umekuwa jamaa yake. Akikosea kesho, utamtafutia sababu kwanza, hukumu itasubiri. Skyler tulimwona kutokea upande wa mumewe, akiwa amesimama mlangoni na maswali. Hadithi hiyohiyo ingeanza kwake, kwa mama mjamzito anayegundua polepole analala na nani, ingekuwa filamu ya kutisha, na Walter angekuwa ndiye anayetembea gizani.

Watunzi wanaijua nguvu hii, na walio bora hawaifichi. Katika The Sopranos, tamthilia ya mafia, mwaka 1999, sehemu ya tano tu ya msimu wa kwanza, bosi wa genge aitwaye Tony anampeleka bintiye kutembelea vyuo vikuu. Njiani anamwona mtu aliyewahi kuwasaliti wenzake. Anamfuatilia, anamnyonga yeye mwenyewe, kisha anarudi kumchukua mtoto. Hakuna muziki wa kumtetea wala kumbukumbu ya utotoni iliyochomekwa hapo ili tumwelewe. Ni baba katika safari na bintiye, halafu muuaji, halafu baba tena, vyote katika siku ileile. Na tuliendelea kutazama hadi 2007.

Zamani jambo hilo lisingepita, angalau si katika vitabu vya katuni vya Marekani. Kanuni ambazo wachapishaji walijiwekea mwaka 1954 zilikataza kuuonyesha uhalifu kwa namna ya kumfanya msomaji amhurumie mhalifu, na zilidai wema ushinde kila mara. Zililegezwa mwaka 1971. Mwaka 1974 wakaingia Wolverine na Punisher, huyu wa pili akiwa mtu anayewaua wahalifu bila kungoja mahakama, wa kwanza akipambana na Hulk, wa pili akiwa amepewa kazi ya kumuua Spider-Man. Wote wawili walikuja kama wapinzani, wakaishia kuwa na vitabu vyao wenyewe. Msomaji aliwasogelea, basi wakaacha kuwa maadui.

Sisi tuliokua na hadithi za Sungura hatukuhitaji kusubiri 1974. Sungura mwizi, mwongo, anamponza Fisi huku akicheka, na hakuna mtoto aliyewahi kumshangilia Fisi. Lakini Sungura ni mdogo. Hila ndiyo silaha pekee aliyonayo mbele ya wenye meno, na akikosa hila ataliwa. Walter naye alianza akiwa Sungura: mgonjwa, hana fedha, kila mtu anamdharau. Kosa langu ni kwamba sikuona alipoota meno. Msimu wa nne unafungwa kwa picha ya mmea wenye sumu ndani ya chungu, kando ya bwawa la kuogelea nyumbani kwake, na hapo unaelewa ni nani aliyesababisha mtoto mdogo apewe sumu. Nilishtuka. Kisha nikafungua msimu wa tano, bado niko upande wake, kwa mazoea tu.

Ndiyo maana zinanichosha filamu za siku hizi zinazomchukua adui wa zamani na kumtengenezea utoto wa mateso, ili kila alichokifanya kionekane ni deni analolipiza. Huko ni kumsafisha mtu kabla hajaingia jukwaani. Stelingi mchafu anapendeza pale tunapompenda na uchafu wake uko palepale, hakuna aliyetusaidia kuufuta.

Wapo pia wasiouona uchafu huo kabisa. Fuvu la kifuani mwa Punisher limebandikwa kwenye magari ya polisi wa kweli. Gerry Conway, mmoja wa waliomuumba, amelipinga jambo hilo hadharani, maana mhusika wake ni ushahidi kwamba sheria imeshindwa, sasa mlinda sheria anamvaa wa nini? Mwaka 2019 kitabu chenyewe kilijibu: polisi wanamwambia Punisher kwamba wanamhusudu, naye anaichana nembo yake na kuwakemea.

Mwaka jana niliirudia Breaking Bad, safari hii nikijilazimisha kumtazama Skyler katika kila chumba alichomo. Ni tamthilia nyingine kabisa. Katika sehemu ya mwisho Walter anamfuata katika nyumba ndogo aliyohamia, wanazungumza jikoni, na baada ya misimu mitano ya kusema ni kwa ajili ya familia, anakiri kwamba alifanya yote kwa ajili yake mwenyewe kwa sababu aliyapenda. Mara ya kwanza nililengwa na machozi kwa huruma ya Walter. Mara hii niliutazama uso wa Skyler. Alikuwa akisikiliza jambo alilolijua siku nyingi.