Tundu la milimita 11: miradi ya viwandani kwa wanafunzi wa sekondari

Mpe mwanafunzi wa sekondari kazi ya kutoboa matundu manne ya kufungia pampu kwenye kitako chake kwa bolti za milimita 10. Wengi watatoboa milimita 10 kamili, maana hesabu ya darasani haiwaambii vinginevyo. Bolti ya kwanza itaingia kwa kulazimishwa, ya pili kwa shida, ya tatu itagoma kabisa kwa sababu tundu limehama kidogo tu. Fundi aliyesimama pembeni alijua tangu mwanzo: kwa bolti hiyo kawaida hutobolewa milimita 11. Ile milimita ya ziada ni akiba ya makosa ya mkono na ya mashine.

Kwa ajili ya somo kama hilo, naunga mkono viwanda kuwapa wanafunzi kazi za kweli kabla hawajachagua cha kusomea chuoni. Mwaka 1989 mvumbuzi wa Marekani, Dean Kamen, alianzisha shirika la FIRST, ambako vijana huunda roboti bega kwa bega na wahandisi wanaojitolea. Kijana anamwona mhandisi akikuna kichwa, akifuta mchoro, akianza upya. Hilo halimo kwenye kitabu chochote cha fizikia.

Hata hivyo, wanaotilia shaka miradi hii wana hoja nzito. Mwaka 2006 watafiti Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walieleza kwamba anayeanza kujifunza, akiachwa agundue mambo mwenyewe bila mwongozo wa kutosha, hulemewa. Akili hubeba mambo machache kwa wakati mmoja. Mwanafunzi asiyejua kusoma mchoro, anayeiogopa keekee (mashine ya kutobolea) na ambaye hajui pampu itatikisika kiasi gani, atahangaika siku nzima na kuondoka na uchovu tu. Nakubaliana nao, ila sioni kwamba hoja yao inaufuta mradi. Inachodai ni mpangilio: kwanza aonyeshwe kazi iliyokamilika hatua kwa hatua, kisha apewe inayofanana nayo, ndipo aachiwe yake. Mwalimu wa fizikia naye awepo karakana, asibaki shuleni akisubiri ripoti.

Hofu ya kugeuzwa vibarua wa bure nayo si ya kubeza. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka miaka 18 kuwa umri wa chini kwa kazi za hatari, na karakana ina hatari zake. Kiwanda kinachomtaka mwanafunzi afagie vyuma chakavu wiki mbili kisitafutiwe jina la heshima.

Linalonisumbua zaidi ni jingine. Mradi wa mikono unaweza kumfanya kijana aamini kuwa uhandisi ni kutoboa na kuchomelea. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni hesabu, gharama, vipimo na maandishi, na wakati mwingine ni kusema hapana. Januari 1986 wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni za Challenger, chombo cha anga cha Marekani, walipinga chombo hicho kurushwa kwenye baridi kali, wakihofia pete za mpira zilizoziba maungio. Wakubwa wao hawakuwasikiliza, na watu 7 walikufa. Hakuna keekee inayomfundisha mtu kusimama hivyo.

Mradi unaweza kumfundisha, ukiachiwa nafasi. Siku ya mwisho, badala ya maonyesho ya vitu vilivyong'arishwa, mwanafunzi aulizwe na wahandisi wa kiwanda: ungefunga pampu yetu kwenye kitako hiki? Akijibu kwamba tundu la tatu lilipanuliwa kwa tupa, kwamba hana hakika kitastahimili mtikisiko, na akaonyesha vipimo alivyoandika siku baada ya siku, apewe alama za juu, hata kama kitako chenyewe kitatupwa.