Hakeem au Robinson: mechi sita za 1995 zinatosha kutoa hukumu?

Kabla ya mchezo wa pili kuanza, David Robinson alikabidhiwa kombe lake la MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, mbele ya mashabiki wake mwenyewe, ndani ya Alamodome, San Antonio. Ilikuwa Mei 1995, fainali ya Kanda ya Magharibi ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Mpinzani wake alikuwa Hakeem Olajuwon wa Houston Rockets, MVP wa mwaka uliotangulia, ambaye sasa alikuwa anashuhudia cheo kikihamia kwa mwingine. Usiku ule Hakeem alifunga pointi 41 na kudaka ribaundi (mipira inayorudi mtupo ukikosa) 16, na mlinzi wake mkuu alikuwa huyohuyo aliyetoka kupewa kombe.

Tangu hapo, ukianzisha mjadala wa nani alikuwa bora kati ya masenta, wale warefu wanaotawala karibu na kikapu, wa miaka ya 1990 mbele ya watu wa kikapu, haupiti muda kabla ya mtu kudakia: "Si tulimwona 95?" Basi, kesi imefungwa, tuzungumzie mengine. Mimi ni mtu wa Hakeem, naliweka hilo mezani mapema. Lakini ushahidi wa mechi zile sita, pamoja na utamu wake wote, nauona mwembamba kuliko mwingine wote tulio nao. Na watu wa Robinson wana hoja ambazo sisi upande wa pili huwa tunazikwepa.

Tuanze na kilichotokea. Hakeem alimaliza mfululizo ule na wastani wa pointi 35.3, Robinson 23.8. Rockets walipita 4–2, wao walioingia mtoano kutoka nafasi ya 6 wakiwa na ushindi 47, dhidi ya San Antonio Spurs, timu ya Robinson, wenye ushindi 62, wengi kuliko timu yoyote msimu huo. Ipo chenga moja ya mchezo wa pili ambayo hata asiyefuatilia kikapu akioneshwa mara moja haisahau. Hakeem anaingia na mpira, anageuka ghafla, ananyanyua mikono kama anayetupa. Robinson, mrefu wa zaidi ya mita 2.1 na mwepesi kama mkimbiaji, anaruka. Hakeem hajaruka. Anamwacha jamaa apite hewani, anapenyeza mguu, anapita chini ya mkono wake na kuuweka mpira kikapuni taratibu, kama mtu anayetua sahani mezani.

Kinachosahaulika ni mpangilio wa timu zenyewe. Kocha wa Spurs, Bob Hill, kwa sehemu kubwa alimwacha Robinson apambane na Hakeem peke yake. Upande wa pili, kocha wa Rockets, Rudy Tomjanovich, hakumfanyia Hakeem hivyo: Robinson akipokea mpira, alikuwa anafuatwa na mtu wa pili. Enzi zile ulinzi wa kanda, yaani kulinda eneo badala ya mtu, ulikuwa marufuku NBA (uliruhusiwa 2001), kwa hiyo kumpelekea senta mlinzi wa pili maana yake ni kumwacha mtu fulani wazi kabisa. Spurs waliogopa kuwaacha wazi watupaji wa Houston, na hawakuwa na makosa kuogopa. Mchezo wa kwanza uliamuliwa na mtupo wa Robert Horry wa Houston zikiwa zimebaki sekunde 6.5, 94–93. Aliyekuwa na kazi ya kumchunga Horry mara nyingi ni Dennis Rodman wa Spurs, fundi wa ribaundi ambaye alipenda kubaki karibu na kikapu, na ambaye wakati huo alikuwa kwenye ugomvi wa wazi na uongozi wa timu yake. Halafu tunasema Robinson ndiye aliyeshindwa.

Sasa kesi ya Robinson yenyewe. Alichaguliwa wa kwanza mwaka 1987, akalitumikia kwanza jeshi la majini la Marekani kwa miaka miwili, na ndiyo maana mashabiki walimwita Admiral, cheo cha juu cha jeshi hilo. Spurs walimsubiri. Msimu mmoja kabla hajafika walishinda mechi 21. Msimu alioingia, 1989–90, walishinda 56. Atakayesema walipata pia wachezaji wengine wapya atakuwa amesema kweli, lakini angalia upande wa pili wa shilingi: 1996–97 Robinson aliumia, akacheza mechi 6 tu, na Spurs wakaporomoka hadi ushindi 20. Mtu akiingia nyumba inasimama, akitoka inaanguka. Kwa Hakeem hatuna kipimo safi namna hiyo. Mwaka 1991 aliumizwa jicho kwa kiwiko cha Bill Cartwright wa Chicago, akakaa nje mechi nyingi, na Rockets walishinda zaidi ya walivyopoteza bila yeye. Hoja hiyo watu wangu hawapendi kuisikia.

Ongeza mchezo wa Februari 1994 dhidi ya Detroit: pointi 34, ribaundi 10, pasi za kufunga 10, mitupo aliyozuia 10. Hakeem naye alifanya muujiza huohuo wa tarakimu mbili kwenye vipengele vinne mwaka 1990 dhidi ya Milwaukee, ila kwa pointi 18. Na siku ya mwisho ya msimu wa 1993–94 Robinson alifunga 71 dhidi ya Clippers na kumpokonya Shaquille O'Neal ufalme wa ufungaji. Tukihesabu misimu ya kawaida peke yake, toka 1990 hadi 1996, mimi mwenyewe ningeona taabu kumweka chini ya Hakeem.

Kinachonirudisha kwa Hakeem ni miguu. Alizaliwa Lagos, akakua akicheza soka, akiwa golikipa, na mpira wa mikono, na kikapu alikigusa akiwa tayari kijana. Kazi ya kipa ni hatua fupi za haraka bila kupoteza mizani, na ndizo alizokwenda nazo chini ya kikapu. Robinson alifunga kwa kasi na kwa kumtazama mlinzi usoni: akipata nafasi ya kukimbia humshiki. Mtoano haukupi nafasi hiyo. Mchezo unapungua mwendo, njia zinazibwa, na mpinzani ameshakusoma wiki nzima. Msimu ule wa kutwaa ufalme, Robinson alikuwa na wastani wa pointi 29.8. Siku chache baadaye mtoano ulipoanza, Utah walimshusha hadi 20.0 na kumtoa 3–1. Hakeem alikwenda kinyume: kwa maisha yake yote ya NBA alifunga 21.8 kwenye msimu wa kawaida na 25.9 kwenye mtoano. Chenga ya miguu haihitaji uwanja mpana, hata kona ya mita mbili inatosha.

Ndiyo maana ushahidi wangu ni 1994, siyo 1995. Mwaka ule hakuwa na nyota mwenzake, kwani Clyde Drexler alikuja Februari 1995. Fainali walikutana na New York ya Patrick Ewing kwa michezo saba ya ubabe. Mchezo wa sita, Rockets wakiongoza 86–84, John Starks wa New York akanyanyuka kutupa mpira wa ubingwa, na Hakeem akanyoosha mkono akaugusa kwa ncha za vidole. Senta akimzuia mtupaji wa mbali, nje kabisa ya himaya yake. Alimaliza msimu akiwa MVP wa ligi, MVP wa fainali na mlinzi bora, vitu ambavyo hakuna mwingine amewahi kuvikusanya pamoja kwa msimu mmoja.

Mwaka uliofuata Ramadhani iliangukia Februari. Kiswahili kinatupa neno moja kwa mambo yote mawili: alifunga, na akafunga. Ligi ikamtangaza mchezaji bora wa mwezi.

Watu wa Shaq (Shaquille O'Neal) nawapa sentensi chache tu. Ndiyo, Rockets waliifagia Orlando yake 4–0 kwenye fainali ya 1995, lakini alikuwa na miaka 23 na alifunga wastani wa 28, hakuaibika. Ubabe wake wa kweli, ule wa mataji matatu mfululizo na Lakers, ulianza 2000 na ni mjadala wa enzi nyingine. Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefariki Septemba 2024, hayumo kwenye kinyang'anyiro cha ufungaji. Kwenye kuzuia, hata hivyo, Hakeem ana mitupo 3,830 na anayemfuata kwenye orodha ya muda wote ni Mutombo, 3,289. Waafrika wawili juu ya orodha nzima, mmoja wa Lagos na mmoja wa Kinshasa.

Watu wa Robinson wana silaha moja ambayo hawaitumii, sijui kwa nini. Olimpiki ya Atlanta, 1996, Marekani ilikwenda na Hakeem, Robinson na Shaq kwenye kikosi kimoja. Fainali ilikuwa dhidi ya Yugoslavia, na Marekani ilishinda 95–69. Aliyeongoza kwa pointi alikuwa Robinson, 28.