Pete ya Shaba

Juzi dada alinikuta saa sita usiku nacheka peke yangu mbele ya kompyuta. "We, unachati na nani?" Kumbe sichati na mtu. Naangalia Hobson's Choice, filamu ya Uingereza ya mwaka 1954, isiyo na rangi. Mwongozaji ni David Lean, yule yule wa Lawrence of Arabia. Ile ya jangwani inasifiwa kila kona. Hii ya viatu imebaki kwa sisi wapekuzi wa makapi.

Mzee Hobson ana duka la viatu mjini Salford na mabinti watatu. Wawili wadogo waolewe tu, mradi yeye asitoe senti, maana kule baba ndiye anayetoa fedha bintiye anapoolewa. (Angezaliwa huku, angekuwa anahesabu ng'ombe.) Mkubwa, Maggie, ana miaka 30, na baba anamcheka kwamba treni imeshampita. Lakini anayeendesha duka ni huyo huyo Maggie, tena bila mshahara.

Basi Maggie anamwita Willie, fundi anayeshona viatu chini ya duka na kuchomoza kupitia tundu la sakafuni kama panya buku. Anamsifu mikono, kisha anamposa. Yeye, mwanamke, anamposa! Jamaa anajitetea kwamba ana mchumba. Hilo nalo Maggie analimaliza, kama mtu anayefuta deni daftarini.

Ninachokipenda zaidi ni usiku wa harusi. Willie kaachwa sebuleni peke yake. Anavua kola. Anavua vikofi vya mikono ya shati. Kila kitu anakiweka taratibu, utadhani anasubiri kuitwa kwa daktari wa meno. John Mills, anayemwigiza Willie, haongei, na mimi mbavu sina. Vichekesho vya siku hizi vingemjazia hapo matusi ya dakika tano.

Charles Laughton, anayeigiza baba, kuna mahali anazidisha chumvi. Ila anapolewa na kuufukuza mwezi ndani ya madimbwi ya barabarani, namsamehe yote.

Pete yao ya ndoa ni ya shaba. Mambo yakishawanyookea, Willie anataka kumnunulia mkewe ya dhahabu, na Maggie hakubali kuiacha ile ya shaba.

Dada alikuwa ameshavuta kiti. "Hebu rudisha pale anapovua kola."